Siku Alizokataa Kuugua

Vernon Stallworth aliacha kazi ya serikali miezi minne kabla ya kutimiza miaka kumi, huku akiamini ameitimiza. Kwa kosa hilo mkewe, Ouida, alikatiwa bima ya afya, na bima hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipia sindano ya kila wiki mbili iliyozuia baridi yabisi isimle viungo vya mikono.

Hakudanganywa na mtu. Hakufukuzwa. Alikuwa fundi wa gia za vifaru katika karakana ya jeshi huko Alabama, ana miaka hamsini na saba, na hajawahi kupewa onyo. Kanuni ilikuwa moja na kila mtu karakanani aliijua: mtu wa umri wake akifikisha miaka kumi ya utumishi anaondoka mstaafu, na bima yake na ya mkewe inamfuata hadi kaburini. Asipofikisha, ameacha kazi tu, kama aliyeacha kuuza soda, na bima inakufa. Vernon alikuwa na miaka tisa na miezi minane. Iliyobaki aliijazia kwa likizo ya ugonjwa.

Likizo hiyo serikali humpa mtu siku chache kila mwaka, na asipozitumia zinalimbikizwa. Katika karakana ile wanaume walijisifia siku walizokataa kuugua kama wengine wanavyojisifia samaki waliowavua. Vernon alikuwa bingwa wao. Alikwenda kazini na nimonia. Alikwenda na jino lililooza mpaka shavu likafanana na boga. Alikuwa amelimbikiza zaidi ya miezi mitano, akaijumlisha kama mtu anavyojumlisha pesa za mfuko wa kushoto na za mfuko wa kulia. Ni kweli likizo hiyo huongezwa. Lakini huongezwa kwenye pensheni ya mtu ambaye tayari amestahili. Haimfanyi asiyestahili astahili. Hilo Vernon hakulijua, na hakuuliza.

*

Aliyeleta habari za Kuwait alikuwa jirani, Dewey Cofield. Dewey alikaa huko miaka mitatu akitengeneza magari ya jeshi chini ya kampuni, akarudi na boti ambayo mpaka leo imesimama uani juu ya trela, haijagusa maji.

"Kazi ni ileile, chuma ni kilekile," Dewey alisema. Alikuwa jikoni kwa Ouida, anakula mkate wa mahindi bila kungoja kukaribishwa. "Tofauti ni kwamba serikali inakulipa kama inakuonea huruma, kampuni inakulipa kama inakuogopa."

"Na joto?" Ouida aliuliza.

"Bibi Ouida, ingia kwenye tanuri lako hilo ufunge mlango. Ndilo joto lenyewe. Lakini unazoea. Unapewa pa kulala, unalishwa, hununui hata sabuni."

"Kama ulizoea, mbona ulirudi?"

"Nilirudi kwa sababu mke wangu alimzoea mtu mwingine."

Vernon hakucheka. Kampuni aliyoiomba kazi huko Kuwait ilikuwa imeshampa jibu: mara mbili ya mshahara wake, bonasi ya kusaini, na aripoti mwisho wa Machi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Paa lilikuwa linavuja juu ya chumba cha nyuma. Gari lake lilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba.

"Mwisho wa Julai utakuwa umetimiza kumi kamili," Ouida alisema. "Si uwaambie wakusubiri?"

"Nimeshatimiza. Nina likizo ya ugonjwa."

"Umemuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Ofisi ya utumishi siku hizi ni namba ya simu. Unasikilizishwa muziki nusu saa, halafu binti aliyeko jimbo jingine anakuuliza jina la mama yako. Nimekaa serikalini miaka kumi, Ouida."

"Tisa."

"Na likizo, kumi."

Ouida akaiondoa sahani ya Dewey kabla hajamaliza. "Naijua hiyo likizo. Siku niliyopasuliwa kibofu cha nyongo, dada yangu ndiye aliyenipeleka na kunirudisha, nimelala kiti cha nyuma na ndoo. Wewe ulikuwa unafungua sanduku la gia."

"Ndizo hizo siku. Sasa zinatulipa."

"Haya," Ouida alisema. "Zitulipe."

Dewey aliutazama mkate wake ukienda, akasema lazima akaiangalie boti.

*

Karakanani walimuaga kwa keki ya nazi na kibao cha mbao chenye jina lake.

Katika karakana ile walifanya kazi watu wa serikali na watu wa kampuni waliokodiwa na serikali. Walishika spana zilezile, ila beji za watu wa kampuni zilikuwa na ukingo wa kijani. Na saa ya keki ikifika, mwenye ukingo wa kijani hana ruhusa. Kila saa yake inatozwa serikali, na serikali hailipi mtu ale keki. Akitaka kula, agonge kadi ya saa kuonyesha ametoka kazini, akatwe mshahara wa muda huo. Kila Krismasi Vernon ndiye aliyesimama mlangoni kuwakumbusha. Hakutumwa na mtu. Alipenda mambo yaende kwa utaratibu.

Purvis Ogletree, mtu wa kampuni aliyefanya naye kazi meza moja kwa miaka sita, alikuja akasimama kizingitini, mikono ina grisi.

"Nimekuja kukupa mkono tu, Vernon."

"Ingia, ndugu yangu." Kisha Vernon akaitazama saa ya ukutani. "Umegonga kadi?"

"Sijagonga."

"Basi unajua ilivyo. Wakaguzi wakija leo wataanzia kwangu, na ni siku yangu ya mwisho."

"Najua ilivyo," Purvis alisema. "Wewe utaijua wiki ijayo."

Watu wakacheka, Vernon naye akacheka. Walipeana mikono Purvis akiwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kisha Purvis akarudi kwenye gia zake, na msimamizi, Royce Hathcock, akakata keki.

Jioni hiyo Vernon alijaza maombi ya kustaafu kwenye kompyuta, halafu akajaza fomu za kampuni. Fomu moja ilimwuliza kama angependa kumwingiza mkewe kwenye bima ya kampuni, akatwe kidogo kila mwezi. Akaweka alama: hapana. Mke ana ya serikali. Kesho yake akaenda kuchukua gari jipya kwa mkopo, pikapu nyekundu, akaiegesha uani mahali ambapo Dewey ataiona kutoka barazani kwake.

*

Bima iliendelea mwezi mmoja, kama kawaida ya serikali kwa anayeondoka, kisha ikakatika. Ouida aligundua mwezi Mei, kwenye kaunta ya duka la dawa, watu wamepanga foleni nyuma yake.

"Inakataa, Bibi Ouida," alisema Kaylin, binti wa kaunta, ambaye pia aliimba kwaya kanisani kwao.

"Jaribu kwa jina la Vernon."

"Ndilo nililojaribu. Inasema hayumo." Kaylin akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha. "Bila bima ni dola elfu sita na mia tatu."

"Kwa mwaka?"

"Kwa kiboksi hiki. Sindano mbili."

Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa. Mwingine, mwanamume mwenye katoni ya bia chini ya kwapa, akasema, "Mama, kama kuna tatizo si usogee pembeni, wenzako tupite?"

Ouida akasogea. Kaylin akamfuata kwa maneno akiwa bado anamhudumia yule wa bia. "Kuna njia ya kuendelea na bima ileile ukijilipia mwenyewe. Mama yangu alifanya hivyo. Ila kuna siku ya mwisho ya kuomba, ikipita imepita. Usichelewe, Bibi Ouida."

Ouida alinunua pakiti ya peremende ili asionekane ametoka mikono mitupu.

*

"Elfu moja na mia tisa kwa mwezi?" Vernon alisema kwenye simu kutoka Kuwait. Kwake ilikuwa usiku, kwa Ouida mchana. "Nilipie kitu ambacho ni changu?"

"Mpaka karatasi zako zitengemae tu."

"Karatasi za wastaafu huchelewa kwa kila mtu. Zikifika, wanairudisha bima tangu siku ya kwanza. Nawajua hawa watu, Ouida. Nimekuwa mmoja wao."

"Mkono wa kulia umeanza kuvimba asubuhi."

"Kunywa vile vidonge vya zamani."

"Jumapili kanisani nimepiga kinanda kama mtu aliyevaa glavu za jikoni. Shemasi aligeuka akaniangalia."

"Wiki mbili tatu tu. Na usiende kulialia kwa watu. Watasema Stallworth amekwenda Uarabuni kutajirika, mke kamwacha anaomba dawa."

"Sijamwambia mtu. Mtu aliyekuwa kwenye foleni kasikia mwenyewe."

Ouida alisubiri. Haukuwa utii. Bonasi ilikuwa imekwenda kwenye paa na kwenye malipo ya kwanza ya pikapu, na maombi ya kujilipia bima yalitaka saini ya Vernon, si yake. Siku ya mwisho ya kuomba ikapita mwezi wa Juni. Siku hiyo Ouida alikuwa anajaribu kufungua chupa ya matango ya siki. Alishindwa, akaibeba hadi kwa Dewey. Dewey akaifungua, akamrudishia, wala hakutania. Hapo ndipo Ouida alipojua kwamba ubovu wa vidole vyake unaonekana.

*

Huko Kuwait kazi ilikuwa kama Dewey alivyosema. Chuma kilikuwa kilekile. Joto lilipanda mpaka spana iliyoachwa juani ikawa haishikiki bila glavu. Vernon alilala chumba kimoja na fundi wa Kentucky aliyekoroma, akala chakula kizuri asichokinunua, na kila mwezi akaona kwenye akaunti pesa ambazo hajawahi kuziona.

Tarehe nne ya Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, waliweka hema lenye kipoza hewa pembeni ya karakana. Mbavu za nguruwe hazikuwepo, sheria ya nchi haikuruhusu, lakini kulikuwa na mbavu za ng'ombe, tikiti maji na chai tamu ya barafu. Vernon alivua glavu, akanawa mikono, akafuata harufu. Mlangoni alisimama mwanamke wa serikali, kijana, mpole, ameshika orodha ya majina.

"Samahani, baba," alisema, akiitazama beji yake. Ilikuwa na ukingo wa kijani. "Hili ni la watu wa serikali na wanajeshi. Mkandarasi hawezi kutoza saa hii. Unaweza kugonga kadi utoke, ukarudi ukala."

"Nilikuwa serikalini miaka kumi," Vernon alisema.

"Hongera, baba. Ila ndivyo ilivyo."

"Najua ilivyo."

Hakugonga kadi. Alirudi kwenye gia. Fundi wa Kentucky, aliyekuwa amegonga kadi bila kufikiri mara mbili, alimletea ubavu mmoja kwenye karatasi ya alumini. Vernon aliula amesimama nyuma ya kifaru.

Wiki hiyo hiyo zamu yake kwenye foleni ya simu ya ofisi ya utumishi ilifika. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole kama ya yule wa hemani.

"Bwana Stallworth, hapa sioni kustaafu. Naona kujiuzulu."

"Nilijaza kustaafu."

"Naona ulijaza. Imerudishwa. Utumishi wako ni miaka tisa na miezi minane."

"Na likizo ya ugonjwa?"

"Inahesabiwa ukishastahili, bwana. Haihesabiwi ili ustahili. Watu wengi hukosea hapo."

"Wengi kiasi gani?"

"Sina idadi, bwana. Pensheni yako utaweza kuidai ukifika miaka sitini na miwili. Bima hairudi."

"Hairudi mpaka lini?"

"Hairudi, bwana. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Vernon alisema hakuna.

*

Alimpigia Ouida, akamwambia yote.

"Rudi," Ouida alisema.

"Sikiliza kwanza. Novemba kampuni inafungua tena kuandikisha wake za wafanyakazi kwenye bima. Nikikaa mpaka hapo, unaingia kwangu, Januari unapata sindano."

"Na kampuni ikinyang'anywa zabuni?"

"Inakuja nyingine."

"Na wewe ukianguka huko, moyo ukasimama kwa joto hilo?"

Vernon alihamishia simu kwenye sikio jingine.

"Miaka yote nilikuwa nakuomba siku moja," Ouida alisema. "Moja tu. Ulikuwa unaniambia unaweka akiba. Sasa sikuombi siku. Nataka miezi minne. Ukaimalize."

Vernon akampigia Royce Hathcock. Royce alifurahi kumsikia, akamwuliza kama ngamia ni watamu, kisha aliposikia shida akaacha kucheka.

"Nafasi yako imefungwa, Vernon. Ulipotoka tu wakaifuta. Hawaajiri fundi hata mmoja."

"Kuna nini basi?"

"Kuna kuosha vyuma, kule nyuma, kwenye mashine ya mvuke. Ngazi nne chini yako. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema pale panafaa wafungwa."

"Naichukua."

"Fikiri kwanza, kaka."

"Nimesema naichukua, Royce."

Hata kazi ya kuosha vyuma ilihitaji karatasi, na karatasi zilienda mwendo ambao Vernon mwenyewe alikuwa akiwaeleza wengine wauvumilie. Alirudi Oktoba. Kwa kuwa hakumaliza mwaka, kampuni ilidai bonasi yake na nauli zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Dewey alikuja kumsalimia akaikuta pikapu nyekundu ina kibao cha kuuzwa.

"Mtu anaacha pesa zile aje kuosha vyuma," Dewey alisema.

"Na wewe uza boti," Vernon alimjibu.

"Boti ninayo bado. Wewe una nini?"

Ouida alikuwa anasikia kutoka jikoni. Alitoka na sahani ya mkate wa mahindi, ameibeba kwa viganja kama mtu anayebeba kitu cha moto, akaiweka mbele ya Dewey. "Kula, Dewey," alisema. "Ukishiba unyamaze."

*

Bima ilianza upya mwezi huohuo wa kurudi. Sindano zikaanza tena. Uvimbe ulishuka baada ya wiki chache, lakini vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka. Kanisani shemasi alileta mashine ndogo inayopiga nyimbo zote ukibonyeza kitufe. Alimwambia Ouida ni kwa ajili ya kumpumzisha, Jumapili mbili tatu hivi. Dola arobaini alizolipwa kila Jumapili kwa kupiga kinanda zikapumzika naye. Mashine haikuondoka.

Purvis Ogletree alikuwa akileta vyuma vichafu kule nyuma kwa kitoroli. Mara ya kwanza alisimama akamtazama Vernon ndani ya aproni ya mpira, maji yakimtiririka usoni.

"Kuwait kulikuwaje?"

"Walikula mbavu," Vernon alisema. "Mimi sikuwa nimegonga kadi."

Purvis alitikisa kichwa. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Aliacha kitoroli akaondoka.

Januari Ouida alipata nafasi kwa daktari wa mikono huko Birmingham, siku ya kazi, asubuhi. Vernon alikwenda ofisini kwa Royce na kofia mkononi.

"Kesho sitakuja. Nahitaji likizo ya ugonjwa."

Royce akainua macho. "Wewe? Unaumwa?"

"Mke wangu. Sheria inaruhusu kumpeleka mke."

"Najua inaruhusu. Sikujua kama wewe unajua." Royce akafungua kompyuta. Serikali ilikuwa imemrudishia Vernon likizo yake yote alipoajiriwa upya, kila saa, haikupotea hata moja. "Una zaidi ya saa elfu moja humu, Vernon. Unataka ngapi?"

"Nane."

Walikwenda kwa gari la zamani la dada yake Ouida. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alikishika kila kidole cha mkono wa kulia, akakikunja, akakikunjua, akamwambia Ouida aminye kidole chake kwa nguvu zote. Gumba liliminya. Cha shahada kiliminya. Vingine viliegemea tu.

"Ulikaa bila dawa muda gani?" daktari aliuliza.

"Miezi mitano," Ouida alisema.

"Kwa nini?"

Ouida akaurudisha mkono mapajani. Daktari akamgeukia Vernon. Vernon akatazama ukuta, palipokuwa na picha ya mkono uliochunwa ngozi, kila mshipa na jina lake.

"Tungeanza mapema," daktari alisema, "tungeviokoa."

Mwezi uliofuata Vernon alitimiza miaka kumi, akastaafu. Safari hii alipiga simu kwanza, akasikiliza muziki, akamwuliza mtu. Hakukuwa na keki. Bima ni yao mpaka wafe.

Gharama ilikuwa hivi. Bonasi ya kusaini, dola elfu kumi, ilirudishwa. Nauli mbili za ndege, dola elfu tatu na mia nne. Pikapu iliuzwa kwa hasara ya elfu saba. Kinanda cha Jumapili, dola arobaini kila wiki, kimekwisha. Na vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Ouida: cha kati, cha pete, na kidogo.